Kuku Sebuleni, Kodi Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba imepata mnunuzi! Mwalimu mstaafu, mpole, hata punguzo hakuomba. Na ile nyingine tunayoitaka, yenye jiko lenye dirisha, mwenyewe anatusubiri hadi Ijumaa tu. Mke wangu keshapima mapazia. Miaka kumi na moja amepika gizani. Anastahili.

Tatizo kodi ya mauzo. Dalali anasema ikikatwa, dirisha tulisahau. Shemeji, kaka yake mke wangu, akadakia eti nisihangaike, niende tu ofisini niseme ukweli. Ukweli! Ndiye huyu aliyenikataza kununua pikipiki, nikanunua, ikaibiwa, na mpaka leo anatembea kifua mbele. Simsikilizi ng'o.

Jumanne, 4 Machi
Kwa kinyozi. Akili ni nywele, na za mtaa mzima zinapita mikononi mwake. Anasema kodi hufuata thamani. Mkaguzi akikuta nyumba ya maana, umekwisha. Akikuta banda, anakuonea huruma. Rahisi hivyo!

Nimewahamishia mke na watoto kwa mama mkwe, pamoja na vitanda, vyombo na nguo. Mke wangu aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia anitazame machoni. Akanitazama, kisha akarudi kuchukua na birika.

Jumatano, 5 Machi
Nimeazima kuku kumi na wanane kwa jirani. Wote sebuleni. Jogoo kachagua kiti changu na hataki kushuka. Chai sijanywa, birika limekwenda.

Kwenye fomu wanauliza nani anakaa humu. Nimeandika: Hakai mtu, kuku tu. Nikatia sahihi kwa madaha na kuipeleka ofisini mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi kaja saa nne. Mama wa miwani, ana adabu zake. Akaandika, akaandika, akiruka mavi ya kuku bila hata kununa. Mwisho akauliza biashara hii ya kuku nimeisajili lini.

Biashara!

Nilicheka peke yangu. Akanieleza taratibu: anayeuza nyumba anayoishi mwenyewe, akanunua nyingine ya kuishi, halipi kodi hiyo hata senti. Nyumba asiyoishi mwenyewe, analipa. Banda la biashara, analipa zaidi. Nikapiga kelele kwamba naishi humu humu! Akaomba nimwonyeshe kitanda. Sina. Kijiko basi. Sina. Bili za umeme? Zina jina la shemeji, kwa sababu mwaka juzi kinyozi alinishauri... basi tu.

Amenipa hadi kesho saa sita nimlete huyo mwenye jina aje aeleze. Nimejipalia makaa, tena kwa koleo langu mwenyewe. Nilipompigia mke wangu simu hakunigombeza. Aliuliza tu kama ayauze mapazia. Nililia. Jogoo yuko palepale kitini.

Nimempigia na shemeji. Hakusema "nilikwambia". Alikohoa tu, mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kafika ofisini na shati la pasi, raha imemjaa mpaka masikioni. Akamwambia mkaguzi kwamba jina kwenye umeme ni lake ila nyumba ni yangu, na kila akipita hunikuta kitini nimelala mdomo wazi. Akatoa simu. Picha! Kumbe miaka yote ananipiga picha ili awachekeshe wenzake. Sebule ileile, kiti kilekile, watoto wanakua nyuma yangu mwaka hadi mwaka, mimi nakoroma. Mkaguzi alicheka hadi akavua miwani. Akanionya nisirudie uongo kwenye fomu za watu. Kisha mhuri, paa! Hakuna kodi.

Saa nane tukatia sahihi mkataba wa nyumba mpya. Nimemshika shemeji mkono nikamwambia asante. Imeniuma kuliko kung'olewa jino, lakini ilitoka moyoni. Sikio la kufa halisikii dawa, langu limepona. Kwa kinyozi sikanyagi tena.

Jumamosi, 15 Machi
Tumehamia! Mke wangu alisimama pale dirishani muda mrefu, jua usoni. Nikajifanya natafuta nyundo.

Ila juzi, kabla ya kuandikisha hati, nywele zilikuwa zimezidi mno. Nilikwenda kunyoa tu. Kinyozi akaniambia, kwa wema wake, kwamba nyumba yenye jina la mzee haitozwi kodi ya jengo ya kila mwaka. Shemeji akasema nisithubutu. Alivyosema hivyo tu, nikajua nimepatia. Hati nimeiandikisha kwa jina la mama mkwe.

Leo saa tatu kafika na masanduku matatu na jogoo wake. Kachukua chumba chetu. Nyumba yake, anasema, na karatasi anayo. Jua la jikoni linamuumiza macho, kwa hiyo mapazia yetu yameshushwa na yamepanda yake, meusi, mazito. Jogoo yuko kwenye kiti changu.

Mke wangu amenitazama machoni bila kuombwa.

Kesho nawahi kwa kinyozi kabla foleni haijawa ndefu. Lazima iko fomu.