Kaki ya Kwenda Kamituga

Asubuhi moja, penye foleni ya mkate pale Nyawera, mjini Bukavu, Xavier Bulonza aliona jambo lililomfungua macho. Mlinzi wa ghala, mtu mwembamba asiye na cheo wala meno ya mbele, aliwapita watu wote akaenda moja kwa moja dirishani. Hakuna aliyenung'unika. Akina mama walimpisha, na mzee mmoja akavua kofia. Sababu ilikuwa shati la kaki lenye mifuko miwili.

Xavier akasahau mkate. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa na nyumba, mke na mbuzi wake, lakini mpaka siku ile alilala kwenye mkeka sebuleni kwa dada yake Agnès, ambaye kila alfajiri alimruka akienda kuwasha makaa. Alikuwa na ndoto moja tu, nayo ilimnyima usingizi: duka la nguo Kamituga, kule wachimbaji wa dhahabu wanakochana suruali kila wiki na kununua nyingine bila kubishana. Kilichokosekana ni nguo zenyewe.

Yafaa tueleze hapa, kwa heshima zote, kwamba Xavier hakuwa mwizi. Mwizi hujisumbua kwenda kuchukua mali ya watu. Xavier alipenda aletewe.

Ilikuwa miaka ile majina ya ubatizo yalipopigwa marufuku redioni. Barabarani aliitwa Citoyen Bulonza, yaani Mwananchi Bulonza. Nyumbani alibaki Xavier, maana Agnès alisema maji ya padri hayakaushwi na redio. Vyama vya vijana vya zamani navyo vilikuwa vimemezwa na Chama kimoja, hivyo watoto walishinda barabarani wakipiga magitaa ya mabati, na wazazi walishinda wakilalamika.

Jumapili, misa ilipoisha, Xavier akasimama mbele ya wazazi hao, abacost yake, lile koti la Chama lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa.

"Ba papa na ba maman, batoto benu banaharibika! Mimi niko naanzisha groupe, Vijana wa Mlima. Batapanda milima, batajifunza kuwasha moto, kufunga kamba, kulala inje bila kuogopa. Bavulana na basichana, pamoja."

Neno "pamoja" likawafanya wazazi watazamane. Maman Adolphine, muuza maharagwe wa soko la Kadutu, mwanamke mpana wa mabega na mwingi wa maswali, akainua mkono.

"Pamoja namna gani, citoyen? Colombe wangu iko na miaka kumi na tano. Usiku, kule mu pori, nani atamuchunga?"

"Maman, bavulana batalala upande ya Kalehe, basichana upande ya Bukavu."

"Na katikati?"

"Katikati nitalala mimi."

"Ile sasa njo naogopa," akasema Adolphine, na watu wakaangua kicheko.

Xavier akasubiri kicheko kipoe. Kisha akashusha sauti. "Citoyen Komisari wa Zone mwenyewe amebariki hii jambo. Na mutoto wake mwanaume ataingia."

Hapo nyuso zikabadilika. Ukweli ni kwamba Komisari, mkuu wa serikali wa eneo lile, hakuwa amebariki chochote, wala hakumjua Xavier hata kwa kikohozi. Lakini uongo mzuri haukai peke yake, hutafuta wenzake. Kwa akina baba wenye mabinti, Xavier alinong'ona habari za kijana wa Komisari. Kwa wenye wana wa kiume alinong'ona habari za binti wa tajiri mmoja wa dhahabu, mtoto wa pekee, mpole, mwenye macho dhaifu kidogo na kwa hiyo hachagui sana. Wazazi waliokuwa wakiogopa pori wakaanza kuuliza kama kambi haiwezi kuongezwa siku.

"Na malipo?" wakauliza.

"Pesa? Hapana! Pesa inaharibu roho ya batoto. Kila famille ilete metre tatu za kaki mupya. Uniforme njo groupe yenyewe."

Kaki ikaja. Ikajaa karakana ya fundi Télesphore mpaka cherehani haikuonekana. Télesphore alikuwa mshirika, ameahidiwa theluthi. Kazi yake ilikuwa kuwapima watoto kwa uso wa daktari, na kushona sare moja tu, ya Xavier, pamoja na kofia na skafu ya kijani, ili watu waone na watumaini.

"Na hizi zingine?" akauliza fundi.

"Zingine zitashonewa Kamituga, na batu bengine, ju ya batu bengine."

Xavier akapata nafasi kwenye lori la Jumatatu. Alikuwa amefikiria kila hatari: mvua, askari, vizuizi vya njiani, hata Agnès. Hatari moja tu haikumpitia kichwani, nayo ni shukrani.

Maana kwao, aliyetendewa jema haendi kushukuru mikono mitupu. Hilo ni tusi. Watu hukusanyika, hufunga mbuzi kamba, hujaza mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, huenda wakiimba. Na ndivyo, Alhamisi, Maman Adolphine alivyoongoza kundi la akina mama mpaka ofisi ya Komisari, mbuzi akitangulia.

Xavier alisimuliwa baadaye. Komisari alitoka barazani kwa wasiwasi, kwa kuwa akina mama wengi kwa pamoja huwa wamekuja kulia.

"Papa Komisari," akasema Adolphine, goti moja chini, "asanti sana ju ya groupe ya batoto. Tulisikia njo weye uliianzisha."

Komisari akamtazama mbuzi. Alikuwa mnono. Na tangu wakubwa waumbwe, hajapatikana aliyeletewa mbuzi kwa jambo jema akasema, si mimi.

"Ndiyo," akajibu polepole. "Nilifikiriaka hii jambo siku mingi. Sasa... défilé, gwaride ya batoto, iko lini?"

"Weye njo utasema, papa."

"Dimanche. Niwaone bote, mu uniforme."

Ijumaa, Xavier alikuwa akifunga marobota ya kaki kwa kamba wakati askari wawili walipoingia kumpeleka kwa Komisari. Njiani alitubu dhambi zake zote, akaanza na za utotoni. Kumbe Komisari alimpokea kwa kumkumbatia.

"Citoyen Bulonza! Kazi yetu inaendelea aje?"

"Yetu, Papa?"

"Yangu," Komisari akajirekebisha. "Dimanche nataka kila mutoto na kaki yake. Kama mumoja anakosa bouton, utanieleza ukiwa prison."

Marobota yakafunguliwa. Télesphore, aliyeona theluthi yake ikiyeyuka, alidai redio ya Xavier na abacost yake ndipo akaita mafundi wenzake. Xavier alishona vifungo mwenyewe mpaka vidole vikavimba. Kila mkasi ulipopita kwenye kaki, aliuona umepita kwenye duka lake, kwenye rafu, kwenye mlango, kwenye kitanda ambacho angelala bila kurukwa na mtu. Aliumia kwelikweli, na hakuwa na wa kumlilia.

Jumapili watoto walipendeza kupita kiasi. Wavulana kaptula, wasichana sketi, skafu shingoni, Colombe mbele na bendera. Hata mwana wa Komisari alikuwepo, amenuna, viatu vinambana. Baba yake alikuwa amemtoa kitandani kwa fimbo. Komisari akahutubia kirefu juu ya "wazo langu". Mwishoni akatangaza kwamba Citoyen Bulonza atakuwa Chef wa groupe siku zote, bila mshahara, na kwamba kambi ya kwanza ni kijijini Miti, leo hii.

Makofi yakiendelea, Maman Adolphine akamsogelea Xavier na kifuko cha maharagwe.

"Xavier," akasema chini kwa chini, kwa jina lililokatazwa. "Ile lori ya Kamituga, shofere yake iko kaka yangu."

Xavier akamgeukia. "Ulijua?"

"Aliniambia kuna citoyen mumoja iko na marobota ya kaki. Nikajiuliza, kaki gani?"

"Mbona hukunishitaki?"

Adolphine akamtazama kama anavyomtazama mteja anayepunguza bei bila aibu. "Na kaki? Ningekushitaki, ingeingia mu bureau kama ushahidi, na ushahidi ya Bukavu haitoke tena. Mimi nilitaka uniforme ya mutoto wangu. Sikutaka kesi. Njo maana nilipeleka mbuzi."

Akamkabidhi kifuko. "Uloweke mbele ya kupika. Na Colombe arudi vile ameenda. Umesikia?"

"Nimesikia, maman."

Kilometa zaidi ya ishirini mpaka Miti, na wingu lilikuwa limeshakaa juu ya barabara. Komisari alikuwa ameamuru waende kwa miguu, Chef mbele. Xavier akavaa kofia, akaanza kutembea, na watoto wote wakamfuata wakiimba.