Jiwe Langu Langoni

Jumatatu, 2 Machi 1959

Moshi! Bomba la kiwanda cha masanduku limetoa moshi leo asubuhi. Mweusi, mzito, mzuri. King'ora nacho kikalia. Tangu mwaka jana, Wazungu wa mashamba walipoacha kuagiza masanduku ya siagi na sisi tukaambiwa twende nyumbani tukapumzike, bomba lile lilikuwa halitoi hata pumzi. Nimepumzika mpaka mifupa inauma.

Dalili ziko nyingi kwa mwenye macho. Malori ya magogo kutoka Elburgon yanapita tena. Dukani watu wananunua sukari kwa ratili, si kwa kijiko. Seremala wa majeneza amenuna. Anasema watu wameanza kula.

Jerop atarudi. Mke wangu aliondoka mwezi wa Agosti kwenda kwao Olenguruone. Hakugombana. Alisema tu hawezi kupika mipango ikaiva, na kwamba atarudi siku nitakapopata kazi. Basi siku hiyo inakuja.

Mimi ndiye niliyeuona moshi kwanza katika mtaa mzima wa Bondeni. Nikarudi ndani kunyoa ndevu na kupiga koti pasi, kama mtu mstaarabu. Nilipofika langoni nikakuta nusu ya Nakuru. Odero, jirani yangu ambaye hajanawa uso tangu Krismasi, yuko mbele kabisa! Nimewekwa nyuma. Mimi, Kiprugut, niliyewahi kumshikia nyapara mwavuli!

Jumanne, 3 Machi

Nyapara Abdisalam hataki ngumi langoni. Ametoa amri. Kila mtafuta kazi aweke jiwe kwenye mstari kando ya ua wa kiwanda. Kila asubuhi atachukua watu wachache kutoka mbele, na mawe ya nyuma yatasogea. Jiwe linalala pale, mwenyewe analala kwake.

Jiwe la Odero ni kubwa na la kipuuzi kama yeye. Langu nimelipaka masizi ya sufuria ili lijulikane. Mama Anyango, anayeuza uji pale langoni, ameuliza kama nimefiwa.

Nimerudi nyumbani nikafikiri. Jiwe ni jiwe. Nani alisema mtu awe na moja tu? Abdisalam hakusema. Akili ni mali!

Jumatano, 4 Machi

Jioni hii, walinzi walipokuwa wakila, nimeongeza mawe sita mbele. Nafasi hizo nimezigawa kwa watu wenye shukrani. Alamin fundi cherehani anataka nafasi kwa mdogo wake. Amenipa suruali ya kaki, mpya kabisa. Mwingine ameleta kuku. Mama Anyango ananipa uji bure kwa ajili ya mpwa wake. Nimekula, nimevaa, na sijafanya kazi hata saa moja. Hivi ndivyo matajiri wanavyoanza.

Jiwe la Odero lilikuwa limenikalia njiani. Nikalihamisha nyuma kidogo. Si kwa ubaya. Kwa mpangilio.

Dereva wa lori la viazi anakwenda Olenguruone kesho. Nimempa ujumbe kwa baba mkwe: Kiprugut ameshaandikwa kazi. Ni kweli kabisa, isipokuwa siku mbili tatu tu.

Alhamisi, 5 Machi

Siku mbaya. Abdisalam ametoka asubuhi akasema kila mtu asimame kando ya jiwe lake. Wateja wangu wamechelewa! Alamin alikuwa akimtafutia mdogo wake viatu. Nikabaki nimesimama peke yangu kando ya mawe saba, nikihama kutoka moja hadi jingine.

Nikamweleza nyapara kwa adabu kwamba ni ya jamaa zangu, na kwamba kwa desturi zetu ndugu husimama badala ya ndugu. Abdisalam akafikiri. Akasema vizuri, ndugu anaweza kusimamia jiwe la ndugu yake, hilo amelikubali kuanzia leo. Lakini mtu mmoja, jiwe moja. Akasema mimi nimekuja kama ukoo mzima, na mashine yake haina nafasi ya ukoo. Sita yakatupwa mtaroni. La masizi likapelekwa mkiani.

Odero alilitafuta jiwe lake, akalikuta, akalibeba begani hadi mbele huku watu wakimpigia makofi. Ameandikwa! Kwenye msumeno mkubwa!

Alamin amekuja kuichukua suruali. Nilikuwa nimeivaa. Hakujali.

Jumatatu, 9 Machi

Odero hajipangusi. Wote walioandikwa hawajipangusi. Wanatoka kiwandani weupe kuanzia kofia hadi viatu kwa unga wa mbao, na wanapita Bondeni polepole, wakichagua njia ndefu, ili kila mtu aone. Wanawake wanawasalimia kwanza. Dukani wanapewa kiti. Odero alikohoa mlangoni pangu na unga ukaniingia kwenye chai.

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo bila kuzunguka: nimeumia. Nilipigilia misumari kiwandani humo miaka minne. Nchi inaamka, na mimi nasikia king'ora kama jirani anayesikia harusi ya watu.

Jumatano, 11 Machi

Majibu kutoka Olenguruone. Baba mkwe hasadiki neno. Anamtuma Kipchoge, mdogo wake Jerop, aje Jumamosi aone kwa macho yake. Atasubiri langoni saa saba, king'ora cha kutoka kikilia. Akiniona natoka kazini, Jerop atarudi. Asiponiona, atabeba sanduku la bati la dada yake na masufuria, na mambo yaishe.

Masufuria yale ndiyo nyumba yenyewe. Nimeyasugua yote leo, sijui kwa nini.

Halafu mpango ukanijia. Kipchoge ni kijana wa kulima viazi. Anajua nini kuhusu kiwanda? Atakachokiona ni unga wa mbao!

Ijumaa, 13 Machi

Unga wa kiwandani unagombaniwa na akina mama wa kuwashia majiko, sikupata hata konzi. Nimekwenda kwa seremala wa majeneza. Amenipa gunia bure. Wake ni mwekundu, wa mti wa mtarakwa. Unga ni unga.

Nimepita kwa Mama Anyango. Anasema oda kubwa imeingia kutoka reli, nyapara anachukua watu asubuhi na mchana, na jiwe langu limesogea mpaka karibu na mbele. Nije kesho mapema nisimame nalo, amesisitiza, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimemwambia kesho nina kazi. Jiwe halina miguu, litanisubiri hadi Jumatatu. Jambo moja kwa wakati wake!

Jumamosi, 14 Machi

Nimeamka na alfajiri. Nimejipaka mafuta ya ng'ombe ili unga ushike. Kisha kofia, koti, nyusi, masikio. Asubuhi nzima imekwisha hapo, maana masikio yana kazi. Nilipomaliza hata mimi ningejiajiri.

Saa saba. King'ora. Nikatokea nyuma ya banda la mkaa, nikajipenyeza kati ya watu wanaotoka, nikatembea kwa uchovu mzuri. Wao wote weupe. Mimi peke yangu mwekundu kama tofali. Abdisalam aliyekuwa langoni akanitazama akauliza nani amekufa.

Kipchoge hakuwepo. Nikasimama. Nikazunguka, nikatoka tena upya. Hakuwepo.

Odero ndiye aliyenieleza, akiwa ameshika mbavu. Kipchoge alifika tangu asubuhi na lori la viazi. Akamwuliza Mama Anyango shemeji yake Kiprugut yuko mashine gani. Mama akacheka, akamwonyesha jiwe la masizi. Liko mbele kabisa! Kijana akakaa kando yake kuningoja. Saa nne Abdisalam akatoka, anataka mtu mmoja. Akaita mwenye jiwe la masizi. Akaita tena. Kipchoge akasimama kwa heshima akasema mwenyewe hayupo, lakini ni la shemeji yake. Abdisalam akakumbuka amri yake. Ndugu husimama badala ya ndugu. Akamtazama mabega, akafungua lango.

Saa nne. Saa nne nilikuwa kwenye sikio la kushoto.

Kipchoge, aliyebakizwa kwa ajili ya oda ya reli, ametoka saa kumi na moja, mweupe mpaka kope. Akanishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru kwa kumwekea nafasi. Hakuwa na kejeli. Ingekuwa kejeli ningeweza kulala.

Alhamisi, 19 Machi

Jerop amerudi! Nilimwona akishuka kwenye lori, na moyo ukanipiga kama wa kijana. Akasema wazi kwamba amekuja kumpikia Kipchoge, anayelala kwangu tangu Jumamosi, kwa sababu mtu wa kazi hawezi kulala na njaa. Maji ya moto ya kwanza ni ya Kipchoge. Kiti ni cha Kipchoge. Mimi nakaa kwenye sanduku la bati.

Baada ya chakula aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini: asubuhi ile jina la jiwe langu lilipoitwa, nilikuwa wapi? Nikamwambia nilikuwa najitayarisha kwenda kazini. Akanitazama sana, kisha akaendelea kusugua sufuria. Nilitaka kulia. Sikulia.

Kipchoge amelala. Koti lake limening'inia kwenye msumari mlangoni, na kila upepo ukipita linadondosha unga sakafuni. Nimeinama nikauzoa wote kwa kiganja. Huu ndio wenyewe, mweupe, wa kiwandani, si wa majeneza. Nimeuweka kwenye mkebe wa chai na kuufunika vizuri. Kosa langu lilikuwa rangi tu.