Vijana wa Mabatini Hawajambo

Jumanne, 2 Agosti 1994

Padre Masalu ametangaza: parokia itaunda Kamati ya Afya ya Akili ya Vijana. Tangu viwanda vya Nyakato vianze kupunguza watu, anasema, vijana wanazama katika mawazo. Jumamosi atasikiliza utafiti, kisha atachagua mwenyekiti. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Mwenyekiti amekwisha kupatikana. Umebaki utafiti.

Bi Wilhelmina naye anautaka uenyekiti. Alifundisha sayansi kimu chini yangu; siku hizi anauza mitumba Mabatini. Nimemhurumia mapema.

Jumatano, 3 Agosti

Nimebuni njia ya utafiti. Swali moja, lililo sanifu: "Hujambo?" Mzima atajibu sawasawa, mgonjwa atataja kinachomsumbua. Nimesimama njia panda ya Mabatini tangu asubuhi, nimevaa suti. Vijana wote wameniamkia shikamoo, wote nimewaitikia marahaba, wote nimewauliza. Wote wamejibu sijambo. Hata mmoja aliyekuwa akilia kando ya duka alifuta machozi, akasimama wima, akasema hajambo. Nidhamu hiyo imenifurahisha.

Jioni nimemwuliza mjukuu wangu Luhende, maana mtafiti hapendelei. Alipunguzwa kiwandani mwezi Mei. Tangu hapo hushinda nyuma ya nyumba akitazama ukuta, na ugali wake huliwa na kuku. "Sijambo, babu." Nimemwandika kati ya wazima.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimekwenda kumpeleleza Bi Wilhelmina. Hatafiti lolote. Amefungua belo la mitumba, amewakalisha vijana kwenye turubai, wanachambua nguo na kupiga soga. Yeye haulizi kitu. Kijana mmoja alivaa koti refu, akaweka mikono nyuma, akamwigiza mwalimu fulani mkali. Wenzake walicheka hadi kulala chini. Sikumtambua mwalimu huyo.

Nilimwambia hicho ni kijiwe, si utafiti. Akasema, "Mwalimu Mkuu, kaa basi utusaidie kuzitafutia soksi hizi wenzao." Nimekataa.

Lazima ana mbinu anayoificha. Nimemwamuru Luhende aende kesho, akae kwenye turubai, anisikilizie. Hakutaka. Nilimkumbusha nani anamlisha.

Ijumaa, 5 Agosti

Jasusi amerudi jua likizama. Nilipodai taarifa alisema hakuna mbinu; walipanga soksi. Nikamwuliza yeye alisema nini. Akasema aliwaeleza habari za kiwanda na zilizofuata. Nilitaka kuzijua. Akasema ni ndefu, babu. Kisha akamaliza ugali wote na kuomba mboga nyingine.

Jasusi mbovu. Kuku wamelala njaa.

Jumamosi, 6 Agosti

Nilisoma wa kwanza, kwa sauti ya darasani. Vijana wa Mabatini hawajambo, wote kabisa. Nikapendekeza kamati isiwe na kazi, ila mwenyekiti abaki.

Padre aliuliza kama hakuna kijana hata mmoja aliyenieleza shida. Nikamjibu kwamba kijana aliyelelewa vizuri hamwelezi mzee shida zake njiani. Watu waliguna. Nilidhani wananiunga mkono.

Hapo Luhende akasimama nyuma ya ukumbi. Sikumtuma. Akasema tangu Mei hapati usingizi. Anaona haya kulishwa na mzee. Kila siku babu humwuliza hujambo, naye husema sijambo kwa sababu ndilo jibu. Jana, ameshika soksi, macho yakiwa kwenye soksi, ndipo alipomwambia mtu kwamba asubuhi hatamani kuamka.

Nilitazama viatu vyangu, vilihitaji dawa.

Uenyekiti amepewa Bi Wilhelmina, ambaye hakuwa ameandika hata mstari. Amemwomba Luhende awe msaidizi wake.

Jumapili, 7 Agosti

Kabla ya misa nimemwuliza Luhende hujambo. Akajibu: "Sijalala vizuri, babu. Lakini leo nimetamani kuamka."

Nikamweleza kwamba jibu hilo ni refu, tena shikamoo haikutangulia. Tukarudia tangu mwanzo, kwa utaratibu. Shikamoo. Marahaba. Hujambo? Sijambo. Akanitazama kidogo, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Hajacheka hivyo tangu Mei. Bado alikuwa akicheka alipotoka kwenda kwa Bi Wilhelmina.

Nimeongeza katika taarifa yangu: mmoja aliyekuwa mgonjwa ameulizwa vizuri, akapona papo hapo. Suti ya kwenda kutafiti vijana wa mtaa wa Mkolani imekwisha kupigwa pasi.