Mlango wa Kwihara Ulivyonivua Nguo Mbele ya Wakwe

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Na nilikuwa nimevaa kanzu mpya.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kabla hamjasikia kwa watu wakaongeza chumvi. (Darasa la nne sikulimaliza. Lakini nyumba tatu za mtaa wetu wa Kanyenye nimezijenga kwa randa na msumeno. Herufi zikipinda nivumilieni.)

Habari yenyewe hii hapa. Binti yangu Tatu, kitinda mimba, ameposwa na kijana wa Dar. Wazazi wa kijana, Mzee Shomari na mkewe Bi Zena, wameshuka na treni jana kuja kupanga harusi. Wanataka yote ifanyike Dar. Sababu yao? "Mkwe, ndugu zetu wakija Tabora Ijumaa wakaondoka Jumapili, hizo siku watatazama nini?"

Watatazama nini! Tabora hii!

Mwanangu wa mwisho aolewe ukumbi wa watu, majirani zangu wa miaka arobaini wasile pilau lake? Nikawaambia, "Nipeni Jumamosi moja tu. Nitawatembeza mwenyewe. Jioni mtaamua."

Asubuhi nilianza vizuri, wallahi. Nyie mnaofikiria kuja huku mwisho wa wiki, nifuateni mpaka hapa, mbele ya hapo msinifuate. Kwanza chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, pamoja na karanga. Kisha sokoni kwenye asali. Usinunue ya kwanza kuonja, zunguka, onja zote, hawakasiriki. Bi Zena alionja ya nyuki wadogo akafumba macho. Nikajisemea, Hamisi, harusi hiyo inarudi nyumbani.

Mzee Shomari ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo sisi ni watani tangu misafara ya kwenda pwani. Ukwe haukumzuia hata kidogo.

"Babu zako walitubebea mizigo kwa miguu mpaka baharini," akasema.

"Walibeba," nikamjibu. "Wakafika, wakawakuta babu zenu bado wamelala."

Bi Zena alicheka mpaka mtandio ukadondoka. Nikajiona bingwa. Hapo ndipo mdomo uliponiponza.

"Sasa twendeni Kwihara," nikasema. "Kuna tembe alilokaa yule Mzungu mpelelezi, zamani za misafara. Nyumba ya udongo, paa bapa la udongo. Ni makumbusho siku hizi. Nalijua hata nikifumba macho."

(Sijawahi kuingia. Nilipita nje mara moja, na baiskeli, nina mzigo wa mbao. Nilikuwa sijaoa.)

Tukachukua bajaji ya Masanja, jirani yangu. Kufika Kwihara nikaona nyumba ya udongo, paa bapa, ua mpana mbele, mlango mkubwa wa kuchonga.

"Simama!"

"Mzee, tembe liko mbele kidogo," Masanja akasema.

"Masanja, wewe Tabora umekuja juzi. Simama."

Akasimama. Akazima injini, akanitazama kwa huruma. Ile huruma ningeielewa, nisingekuwa naandika haya.

Mlango ulikuwa wazi. Sikupiga hodi. (Makumbusho yanapigwa hodi?) Nikaingia kifua mbele, wakwe nyuma.

"Hapa ndipo misafara ilipopumzika," nikaanza.

"Na kuku hawa?" Mzee Shomari akauliza.

"Wamewekwa ili wageni waone maisha ya zamani."

"Na sola ile juu ya paa?"

"Serikali hiyo. Taa za usalama."

"Na kanga iliyoanikwa?"

"Ya mlinzi."

Nikawaonyesha chungu alichopikiwa Mzungu. Nikawaonyesha kitanda alichougulia homa. Bi Zena alivua viatu kwa heshima! Akashika tendegu la kitanda, akanong'ona, "Masikini, mbali na kwao."

Kisha nikawarudisha mlangoni. Hapo sasa ni uwanja wangu, mimi ni fundi. Mlango mweusi kwa moshi, maua yamechongwa pembeni. Nikaupapasa.

"Mninga huu," nikasema. "Tazameni ua hili. Tazameni hiki kiungo, hakuna gundi hapa. Mafundi wa Kiarabu hawa, zaidi ya miaka mia. Nawaapia, leo Tabora nzima hakuna mkono unaoweza kazi hii."

"Hata wako?" Mzee Shomari akauliza.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Hata wangu, mkwe."

Nyuma yetu sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo, Fundi Hamisi."

Nikageuka. Mama mmoja wa makamo, jembe begani, matope mpaka magotini.

"Marahaba," nikasema. "Wewe ndiye mlinzi?"

"Mlinzi wa nini?"

"Wa makumbusho."

"Makumbusho yako kule mbele. Hapa kwangu." Akatua jembe. "Na huo mlango unaoupapasa umeutengeneza wewe."

Nikautoa mkono mlangoni.

"Mimi?"

"Wewe! Baba Nyamizi aliufuata kwako Kanyenye na mkokoteni wa ng'ombe. Ukamwambia bawaba ya chini haijakaa sawa, utakuja Ijumaa kuirekebisha. Ijumaa gani hiyo, Fundi? Nyamizi alikuwa mgongoni. Nyamizi sasa ana mtoto mgongoni!"

Mzee Shomari alijishikilia ukutani. Hakutoa sauti, mabega tu yalikuwa yanaruka. Bi Zena alikuwa anatafuta viatu vyake huku anaomba radhi, "Dada, nimeshika kitanda chako, nisamehe, nimekililia kabisa."

"Kitanda hicho nacho ni chake," Mama Nyamizi akasema. "Kinapiga kelele."

Ee Mola.

Nikadhani yameisha. Thubutu! Mzee Shomari akamuuliza, "Mama, wewe kabila gani?" "Mnyamwezi." "Basi mimi mtani wako, Mzaramo. Nimeingia kwako bila hodi, kwa hiyo nimekuteka. Nataka kuku yule mwekundu."

"Mchukue," mama akajibu papo hapo. "Lakini nyie ni mateka wangu, mmekutwa ndani. Hatoki mtu mpaka fundi amalize kazi yake."

"Haki kabisa!" mkwe wangu akasema. (Mkwe gani huyu?)

Masanja akaleta bisibisi kutoka kwenye bajaji bila kuombwa. Nikapiga magoti. Kanzu nyeupe, udongo mwekundu. Mzee Shomari akashika mlango kwa juu, simu mkono wa pili, anapiga video na kutangaza: "Hapa tunamwona fundi wa Kiarabu, ana zaidi ya miaka mia, yuko kazini."

Skrubu zilikuwa na kutu. Nilitoka jasho kama nachimba kisima. Lakini mlango ulifungika, tena kwa kidole kimoja. Mama Nyamizi aliufunga na kuufungua mara sita, halafu akaenda kupika. Tukala ugali na yule kuku kwenye ua wake, na sijui kama nimewahi kula nikashiba vile. Baadaye akatupeleka kwenye tembe lenyewe. Nikatembea nyuma, mdomo nimefunga, nikamsikiliza mlinzi halisi. Ni pazuri, semeni nimesema. Nendeni.

Kwenye bajaji ya kurudi nilikuwa napangusa udongo kwenye kanzu. Nimewaonyesha wageni nyumba ya mtu. Harusi imekwenda Dar, nikawaza.

Bi Zena akaniita. "Mkwe."

"Naam."

"Harusi iwe huku kwenu. Nimeshamwalika Mama Nyamizi."

Nikamwangalia mumewe. Akatikisa kichwa kukubali, bado anafuta machozi.

"Na ndugu zenu?" nikauliza. "Siku zote hizo watatazama nini?"

"Wewe," akasema. "Video nimewatumia, wameanza kukata tiketi."

Basi nimeshinda. Pilau litaliwa Kanyenye. Mkija karakana kunipongeza, agizeni makabati. Atakayetaja neno mlango namtoza mara mbili.