Siku Bertha Alipofungwa Jela Mjini Manitowoc

Wekeni chini vikombe vyenu, enyi mnaokunywa, na ninyi mnaotafuna jibini mbichi inayolia menoni kama viatu vipya, mezeni kwanza, kisha mtege masikio. Maana nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa Jumamosi ya pili ya Februari, mjini Manitowoc, katika ngome ya Gordy Thielen, duka la michezo lililo kati ya kinyozi na duka la chambo. Vita ambavyo havikumwaga damu hata tone, ila soda kidogo, na ambavyo mtu mzima mwenye ndevu nusura alie. Nilikuwepo. Nilikalia kiti cha nne, kile chenye mguu mfupi, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Jueni kwanza habari za himaya. Katika michezo ile ya kukaa mezani, ambapo kila mtu hujitwalia jina la shujaa wa kubuni na dadu ndilo huamua kama ataishi au ataliwa, hapa kwetu Wisconsin unatawala Mchezo Mkuu. Silitaji jina lake, kwa sababu hata shangazi yako ambaye hajawahi kuucheza analijua, na hiyo ndiyo nusu ya nguvu zake. Miaka hamsini umekalia kiti cha enzi. Kila mwaka hujitokeza michezo mipya, yenye picha nzuri na sheria fupi, hupiga kambi chini ya ukuta wake, hupuliza baragumu, kisha hufa kwa kiu kwenye rafu ya chini. Si kwamba Mchezo Mkuu ni mtamu kuliko yote. Nimekunywa supu ya hospitali iliyokuwa na ladha kuliko sura ya tisa ya kitabu chake cha sheria. Ni kwamba watu wameshanunua madadu, wameshazoea viti, na wameshabishana kuhusu sheria zake kwa miaka ishirini. Nani atakubali kuuacha ubishi anaokaribia kuushinda?

Ndipo akatokea Marlys Dombrowski, Marlys wa mabega mapana, dereva wa gari la manispaa la kusukuma theluji, mfungua njia za wazazi na wagonjwa, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alitunga mchezo wake mwenyewe uitwao Zimamoto wa Kujitolea. Humo hamna upanga wala joka. Ninyi ni watu wa mji mdogo mnaoacha chakula mezani na kukimbilia moto wa jirani, na silaha yenu ni madadu mawili ya kawaida, ya pande sita, kama yale ya watoto. Maboksi mia tatu ya mchezo huo yalilala katika gereji ya Marlys hata gari lake likakosa pa kulala, na yule aliyeondoa theluji ya mji mzima akawa kila asubuhi anafukua gari lake kwa koleo. Maduka matano yalimkataa. La sita lilikuwa la Gordy, na baada ya Gordy hapakuwa na la saba.

Gordy akainuka nyuma ya kaunta, akafuta miwani kwa fulana yake, akatoa hukumu kama kadhi:

“Marlys, dada yangu, rafu yangu si hoteli. Leo saa nane unakaa na kina Duane. Wakiucheza mwanzo hadi mwisho, kwa sheria zake wenyewe, kabla sijafunga saa kumi na moja, nakupa nafasi. Wakishindwa, unaondoka na boksi lako, na usije ukanililia mlangoni.”

“Nimekubali.”

“Lakini ujue, Duane hajacheza kitu kingine tangu aoe.”

“Hata harusini alikuja na madadu mfukoni,” akasema LuAnn, ambaye ndiye aliyeolewa.

Naam, Duane Prohaska! Duane Simba wa Meza ya Kwanza, siku za kazi fundi wa mashine za kuosha vyombo, na Jumamosi mchawi wa umri wa miaka mia nane, mwenye masikio yaliyochongoka, jina lake Ilvarion. Mkononi mwake aliishi Bertha, dadu jekundu la pande ishirini, kubwa kama ndimu, mlalaji wa mfuko wa mahameli. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa Bertha. Binamu yake Duane aliwahi kumpangusa vumbi, na Krismasi ile hakualikwa. Huo ndio mwiko wa meza yetu: haazimi mtu wala haazimwi, maana bahati mbaya huambukiza kama upele. Na Duane mwenyewe ndiye aliyetunga sheria kali kuliko zote, kwamba dadu likitoa moja mara tatu mfululizo litafungwa jela hadi Jumamosi inayofuata. Jela yenyewe ni chupa ya achari iliyoko juu ya kaunta. Kifuniko kimetobolewa matundu ili wafungwa wapumue.

Siku hiyo Duane alimleta Bertha peke yake. Madadu mengine aliyaacha nyumbani. Alisema yanamwonea wivu.

Marlys akafungua boksi, akampa kila mmoja wetu kofia ya kubuni, kisha akaunguruma kwa sauti ya gari lake: “Kengele inalia! Kiwanda cha jibini cha Mzee Vogel kinawaka! Mzee yuko ghorofani na hashuki bila paka wake. Mmefika na gari. Mnafanya nini?”

Mimi nikasema naunganisha mpira wa maji. LuAnn akasema anapanda ngazi. Duane akainua kidevu.

“Mimi, Ilvarion, mwana wa Mbalamwezi, mlinzi wa Milango Saba, narusha tufe la moto.”

Gordy akaacha kuhesabu chenji.

“Duane,” akasema Marlys, “nyumba inaungua tayari.”

“Tufe la moto la daraja la tano.”

“Wewe ni zimamoto, bwana. Unaitwa Butch. Una kofia.”

“Basi zimamoto aliyesomea uchawi. Kitabu chako kinakataza wapi?”

“Kwenye jalada. Kwenye jina.”

Ndipo Duane akatoa mkobani karatasi sita zilizoandikwa pande zote, na mimi nikajua tumekwisha. Wiki nzima alikuwa ameurekebisha mchezo wa watu kabla ya kuucheza. Ngazi aliipa alama kumi na nne za uhai. Moshi aliufanya jini. Ndivyo walivyo watu wetu: ukiwapa mchezo mpya hawausomi, wanaushonea nguo za ule wa zamani, kisha wanalalamika kwamba hauna jipya.

“Nimekusaidia tu, mama,” akasema kwa upole wa mshindi. “Sasa unachezeka.”

Wakabishana juu ya jini lile saa nzima na zaidi. Gordy akagonga kaunta. “Kwa sheria zake wenyewe, Marlys! Saa kumi kasoro robo!”

Marlys akamtazama Bertha. Akaitazama chupa ya achari. Yeye ameendesha usiku na mchana juu ya barafu, na anajua kuna mahali pa kukanyaga breki na mahali pa kukanyaga mafuta.

“Sawa, Duane. Mtupe Bertha. Akitoa kumi au zaidi, moto umezimika kwa uchawi wako, tufunge boksi, niende zangu. Lakini Bertha akija mezani kwangu anakuja na sheria zake zote. Hata ile ya chupa.”

“Sheria niliitunga mimi,” akacheka Duane. “Utanifundisha?”

Akamtupa. Moja.

“Anapasha misuli,” akasema. Akamtupa tena. Moja.

Kicheko kikapungua. Akamrudisha Bertha kwenye mahameli, akasema labda tupumzike kidogo, tule. Hapo Marlys akakanyaga mafuta.

“Ngazi inateleza, Duane. LuAnn yuko juu yake. Tupa.”

“Ngoja nimpulizie.”

“Mpulizie.”

Akampulizia. Akambusu. Akageuza kiti kielekee mashariki. Kisha, enyi wasikilizaji, akamrusha, na Bertha akaviringika kama jua linaloanguka, akapita soda yangu akaimwaga, akagonga mfuko wa jibini, akayumba, akatulia. Moja.

“Haihesabiwi!” akapiga yowe Duane. “Kagonga jibini! Jibini si sehemu ya meza!”

“Mwaka jana langu liligonga kiwiko chako,” akasema LuAnn polepole, “ukalifunga wiki nzima. Siku yangu ya kuzaliwa.”

“Mpenzi…”

“Chupa, Duane.”

Akasimama. Akambeba kwa mikono miwili hadi kaunta, kichwa kimeinama, na Gordy akafungua kifuniko kama mtu aliyewahi kufiwa. Bertha akaanguka ndani ya chupa kwa mlio mdogo. Jemadari akarudi mikono mitupu, akanigeukia.

“Niazime lako, ndugu yangu.”

“Bahati mbaya inaambukiza, Duane. Nani alinifundisha?”

Akamgeukia mkewe. LuAnn akaukalia mfuko wake wa madadu.

Marlys akasukuma mbele madadu yake mawili meupe, moja limemeguka kona. “Ukurasa wa nne,” akasema. “Anayeanguka hushikwa na aliye karibu naye. Dadu moja lako, moja la LuAnn, mnatupa pamoja. Saba au zaidi, ameshikwa.”

Miaka ishirini na miwili watu hawa wawili walikaa ubavu kwa ubavu, na hakuna aliyewahi kutupa kwa ajili ya mwenzake. Duane akaliangalia lile dadu dogo kama mtu aliyepewa kijiko cha mtoto aende nacho vitani.

“Lishike basi,” akasema LuAnn. “Halikung'ati. Mimi ndiye ninayening'inia.”

Akalishika. Wakatupa. La Duane likasimama upesi: tatu. La LuAnn likazunguka juu ya kona yake iliyomeguka, likazunguka, tukaacha kupumua, likalala: nne.

“Nimemshika!” akanguruma Duane, na kweli alikuwa ameukamata mkono wake. “Nimemshika mke wangu! Leteni maji! Butch anaingia!”

Na tangu hapo hakuna aliyesikia tena habari za Ilvarion. Saa kumi na moja kasoro dakika nane Butch alitoka motoni akiwa amembeba Mzee Vogel begani na paka kifuani, akataka kujua paka anaitwa nani. Marlys hakuwa amefikiria. Duane akamwita Bertha.

Gordy akatimiza neno lake. Akauweka mchezo, boksi moja tu, kwenye rafu ya chini kabisa, karibu na mlango wa choo, mahali ambapo utauona ukiinama kufunga kamba za viatu. Mchezo Mkuu haukutetemeka; rafu zake sita zilibaki zimejaa. Na Duane, akivaa koti, alikuwa tayari anamwambia mkewe kwamba sheria ile ya kushikana ni nzuri sana, Jumamosi ijayo ataiingiza kwenye Mchezo Mkuu. Hivyo ndivyo himaya zinavyofikisha miaka hamsini.

Lakini pigeni vigelegele hata hivyo, na mkiandika tarehe za mambo makuu, andikeni na hii. Siku ile himaya ilipoteza mtu mmoja kwa muda wa dakika hamsini na saba. Na Marlys Dombrowski, Mshindi wa Manitowoc, alifika nyumbani, akafungua gereji, akalisogeza gari lake mbele taratibu, likaingia ndani kwa upana kamili wa boksi moja. Theluji ikaendelea kuanguka juu ya sehemu iliyobaki.