Upembo, Glavu na Beles za Weyzero Alganesh

Jumatatu, Nehase 5
Mvua tangu alfajiri. Nimeshika upembo tena, ile fimbo ndefu yenye ndoano. Gizachew anavaa glavu za mpira na kufungua betri ya gari la umeme, mimi nasimama nyuma yake, eti akinaswa na umeme nimvute kama papai. Miezi minane! Yeye anagusa nyaya za rangi ya chungwa, volti mia nne, mimi naangalia kisogo chake. Ijumaa Weyzero Alganesh, bibi mwenye gereji tunayemwita Mama, anachagua mmoja wetu awe fundi mkuu wa betri. Lazima niwe mimi.

Tukishachomoa plagi kuu, tunangoja dakika kumi umeme uliobaki uishe. Katika dakika hizo nilijiona ndani ya gari jeupe lisilo na sauti, likielea juu ya mawingu ya mlima Entoto, nyaya zote zikinisalimu kwa jina. Gizachew akasema nasinzia kazini. Nilikuwa nafikiri.

Jumanne, Nehase 6
Nimepata njia. Mama ni mzaliwa wa Adigrat, kaskazini, na huko beles, tunda la mpungate, ndilo utoto wao. Tena ni mfungo wa kanisa, nyama hakuna, maziwa hakuna. Mkono mtupu haulambwi. Nimenunua ndoo nzima, na maganda yake. Miiba ya beles ni kama vinyweleo, ikiingia kidoleni inakaa wiki. Lakini kabatini kuna glavu zinazozuia volti elfu moja. Mwiba ni nini mbele ya volti elfu?

Jumatano, Nehase 7
Nilimmenyea Mama, akala kumi na moja. Akatazama mvua, akasema mama yake alikuwa akimmenyea hivihivi, wamekaa mlangoni, kabla jua halijawa kali. Macho yakamlowa. Nami nusura nilie, kwa furaha. Akasema, "Teshe mwanangu, Ijumaa glavu utavaa wewe." Gizachew akasonya. Kijiba cha roho tu. Nikamwambia azoee upembo.

Ijumaa, Nehase 9
Nilichomoa plagi, nikaifungia kufuli, ufunguo mfukoni mwangu. Dakika kumi nikazingoja macho wazi. Gizachew nyuma yangu, upembo tayari. Nikanyoosha mkono nipime waya wa kwanza.

Mama akauliza kama glavu nimezikagua. Nikamjibu ni nzima, juzi tu nilizitumia. Akauliza juzi nilizitumia wapi. Nikazivua, nikampa.

Akaikunja moja toka mdomoni, akaibana hewa ndani, akaisogeza shavuni. Ikapumua taratibu, kama mtoto aliyelala. Akachomoa mwiba mmoja kidoleni mwa glavu. Alikuwa anaujua tangu utotoni.

Hakunitukana. Alisema tundu nisiloliona mimi, umeme unaliona. Kisha, "Mama yako ningempigia simu nimwambie nini, Teshe?" Gizachew hakucheka, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Glavu Mama akazikata kwa mkasi.

Jumamosi, Nehase 10
Gizachew ndiye fundi mkuu. Mimi upembo. Mama hanisemeshi, na inaniuma kweli.

Nimewaza sana, nimejifunza. Kosa lilikuwa glavu. Glavu na matunda haviendani, sitarudia maisha yangu yote.

Juu ya ukuta wa jirani kuna mpungate mrefu. Beles zimeiva kileleni, zinang'aa kwa mvua, nyekundu kama za Adigrat. Mama alishasema upembo usitoke gereji wala usilowe maji, ukilowa utapitisha umeme. Sawa. Lakini upembo, tangu dunia iumbwe, ni wa kuangulia matunda. Nitaufuta nikirudi.