Swichi ya Nne

Jumatatu, 3 Juni

Chiriku anahama! Amepata bendi kubwa mji mwingine, yenye sare na basi lake. Ametangaza leo mazoezini huku akimenya chungwa, kama anatuambia mvua itanyesha. Jumamosi anaimba nasi mara ya mwisho hapa hotelini. Jumatatu asubuhi anaondoka.

Wote wakampongeza. Miwani, mpiga kinanda wetu, anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alimpongeza kwa kumkumbatia. Akakawia humo. Mimi nilimpongeza kwa kukaza nyuzi za gitaa ambazo hazikuwa zimelegea.

Nampenda. Haya, nimeandika. Nasimama pembeni yake kila wiki na sijawahi kumwambia kitu cha maana. Kikubwa alichowahi kuniambia yeye ni siku ile tulipopiga kwenye harusi, ukumbi wa juu: eti gitaa langu leo limemliza. Sauti ile! Nene, laini, yenye mchanga kidogo kwa ndani. Kesho yake nikaitafuta, haipo. Hadi leo naitafuta.

Nikimpigia sauti ile Jumamosi, haendi popote. Mtu ataiachaje sauti iliyomtoa machozi?

Jumanne, 4 Juni

Mpango tayari. Gitaa langu lina pikapu mbili. Shangazi, ninayeishi kwake, amesikia neno hilo akauliza gari tutaliegesha wapi. Nikamweleza kwa upole: ni vile visumaku vilivyozungushiwa waya chini ya nyuzi, ndivyo vinavyonasa sauti. Akasema gari lingetufaa zaidi.

Kiwanda kimeweka swichi moja tu. Juu, inaimba pikapu ya shingoni. Chini, ya mkiani. Katikati, zote mbili. Njia tatu, basi! Kwa hiyo sauti ile imejificha kwenye njia tulizonyimwa. Kila pikapu ina koili mbili, yaani mizingo miwili ya waya. Nikiweka swichi zangu mwenyewe, naweza kuwasha koili mojamoja, kuziunga zifuatane, kuziweka sambamba, hata kuigeuza moja kinyume. Nimechora ramani nzima nyuma ya kalenda ya shangazi. Inapendeza. Kuna mshale mmoja sijui unakwenda wapi, lakini nao unapendeza.

Fundi redio wa pale kona ameniuliza gitaa lina ugonjwa gani. Nikamwambia halina. Akasema basi liache lilale. Kuna watu hawana maono! Nimechukua kwake swichi mbili. Ya tatu nimeing'oa kwenye taa ya kusomea ya shangazi. Siku hizi hasomi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku hizi anasoma. Tumekosana.

Nimetoboa gitaa matundu matatu. Roho iliniuma kama namtoboa mtoto masikio. Nimelehemu tangu asubuhi, nimeunguza kidole gumba na kitambaa cha meza. Kisha nikachomeka. Swichi ya kwanza: mngurumo wa friji. Ya pili: redio! Bibi mmoja akanisomea hali ya hewa yote, kwa sauti safi kuliko ya gitaa langu. Ya tatu: mbu ndani ya kopo. Kumbe nimegeuza waya, pikapu mbili zinapingana, kila moja inaifuta sauti ya mwenzake. Nikafumua, nikaunga upya.

Mazoezini Miwani akazikagua swichi, akauliza na breki ziko wapi. Vicheko. Chiriku peke yake hakucheka. Alinitazama kidole, akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu kwamba koili sasa ziko sambamba.

Akasema haya.

Sikuwa nimekula! Kwa nini sikusema sijala? Alikuwa na chungwa lingine mkononi. Nimelifikiria chungwa hilo njia nzima ya kurudi.

Ijumaa, 7 Juni

Swichi zote zinafanya kazi. Nimejaribu kila mchanganyiko, na sauti ile haimo. Ipo moja inayoikaribia: ya kwanza juu, ya pili chini, ya tatu juu. Siyo yenyewe, lakini ni binamu yake. Nimeipiga mpaka shangazi akasema wimbo huo sasa anauonja kwenye chai.

Hesabu imekamilika. Wimbo wa mwisho, Chiriku huwa ananyamaza kidogo kuvuta pumzi kabla ya ubeti wa kumalizia. Hapo hapo! Juu, chini, juu. Atafumbua macho, ataniona, atafungua begi.

Leo alitoka tu kunywa maji, nikapaona mahali pake jukwaani pakiwa patupu. Nimemkumbuka mtu ambaye hajaondoka bado. Sijui kama hilo ni ugonjwa.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Aibu tupu!

Bustani ya hoteli ilijaa tangu alasiri. Wimbo wa mwisho. Chiriku akafumba macho, akanyamaza. Nikainama juu ya gitaa. Ya kwanza juu. Ya pili chini. Ya tatu, ile ya taa ya shangazi, ikafanya kazi iliyoizoea maisha yake yote: ikazima. Kimya! Miwani akajaza pengo kwa tarumbeta za kinanda, watu wakampigia makofi. Mimi nimeinama tu, nabonyeza. Gitaa likafufuka wimbo ukiwa umekwisha, likatoa noti moja kubwa, tena si yake.

Baadaye nilikuwa nyuma ya jukwaa nakunja nyaya, nikitamani na mimi nikunjwe. Chiriku akaja. Akaniuliza kama najua kwa nini alilia siku ile ya harusi. Nikamwambia ni koili. Akasema hapana, wewe mtu. Akasema siku ile swichi yangu ilikwama, nikaachana nayo, nikapiga wimbo mzima nikimwangalia yeye. Akasema tangu siku hiyo naliangalia gitaa tu, na yeye amechoka kuimbia kisogo changu.

Kisha akasema kesho saa kumi atakuwa kwa dada yake, nije tunywe chai. Akasema safari ni ya kesho kutwa, na mtu anaweza kubadili mawazo akipewa sababu. Nije bila gitaa. Alilisema mara mbili: bila gitaa.

Nimetembea hadi nyumbani nikiimba. Mbele za watu!

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka na maneno yake kichwani. Swichi ilikwama!

Nilikosaje kuliona? Ilikwama kati ya njia mbili, nusu huku nusu kule. Halafu mimi kesho yake nikaifungua, nikaisafisha, nikaipaka mafuta, nikajisifu. Niliifuta sauti ile kwa mkono wangu mwenyewe! Chiriku ameniambia siri yote bila hata kujua.

Kwa hiyo: swichi ya nne. Swichi ya kukwama. Nikamwendea fundi redio, nikamwomba swichi mbovu. Alinitazama sana, akanisogezea sahani nzima nichague.

Shangazi amenipigia pasi shati jeupe na kulitundika mlangoni. Kila akipita anataja saa. Ilipofika saa kumi nilikuwa nimebakiza waya mmoja. Saa kumi ya watu wa muziki si saa kumi ya ukweli.

IMETOKA! Nene, laini, mchanga kwa ndani. Ni yenyewe! Nimepiga noti moja tu na machozi yakanitiririka. Nimepiga tena na tena. Chumba kizima kilijaa yeye.

Nilipoinua kichwa, shangazi alikuwa mlangoni na shati mkononi, na nyuma yake taa za barabarani zimewaka. Amesema dada yake Chiriku ametuma ujumbe: chai imepoa, Chiriku mwenyewe amechoka kungoja, amekwenda kufunga begi lake. Nikamwambia shangazi awajibu waipashe moto, naja sasa hivi, nakaza tu skrubu za mwisho.

Gitaa nalibeba. Alisema bila gitaa, najua, lakini alisema hivyo kabla hajaisikia.